Prayong Chuenklin, Mtoto Asiyeweza Kuinama (1953–2024)

Treni ya asubuhi kutoka Phetchaburi ilikuwa imeshaipita Nakhon Pathom, na mashamba ya mpunga yalikuwa yameanza kuziacha nafasi zao kwa maghala na mifereji, pale Prayong alipomgeukia baba yake na kumuuliza kama huko Bangkok watamnyoosha kwa nyundo.

"Kinachonyooshwa kwa nyundo ni chuma," alijibu Bwana Thuam, ambaye alikuwa fundi wa mapambo ya chokaa kwenye mahekalu. "Wewe ni chokaa mbichi. Chokaa mbichi hunyooshwa kwa kiganja."

Ilikuwa Jumatano, tarehe 22 Aprili 1964. Prayong alikuwa na umri wa miaka kumi. Walishuka kwenye kituo kilichoko ng'ambo ya mto, katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuona kabla, na baba akamshika mkono kwa nguvu mno mpaka akamwambia, "Baba, mimi ndiye mgonjwa, lakini wewe ndiye unayetetemeka." Maneno hayo aliyasimulia mwenyewe maisha yake yote, kila alipoulizwa ni wapi alipoanzia kazi yake. Alikuwa akisema kazi yake haikuanzia chuoni, ilianzia pale kituoni, mkononi mwa mtu aliyeogopa kwa niaba yake.

Marehemu Bi. Prayong alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953 mjini Phetchaburi, katika nyumba ya mbao ya tatu kutoka daraja la zamani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Thuam Chuenklin na Bi. Lamun. Mama yake alifariki Prayong akiwa na miaka sita. Yeye na dada yake, Sa-nguan, aliyemzidi miaka mitatu, walilelewa na Bibi Chaem, mama yake Lamun, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sifa mjini kwa mambo mawili: mchuzi wake wa matunda machanga ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, na adabu za wajukuu wake. Wageni walipokuwa wameketi mkekani, hakuna mtoto wa nyumba ile aliyepita mbele yao bila kuinamisha kichwa na mabega mpaka awe chini yao. Bibi alikuwa akisema kwamba sahani iliyovunjika hununuliwa nyingine, lakini kichwa cha mtoto kikishapita juu ya kichwa cha mzee, hakuna duka la kununulia kingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, karibu na hekalu ambalo baba yake alilipamba. Alikuwa hodari wa hesabu na mbaya wa kuimba. Mwezi Januari mwaka 1964 Bibi alimshonea sketi mpya ya shule, na sketi ikakataa kukaa sawa. Alirudia upindo mara tatu, akailaumu cherehani, akamlaumu aliyeuza kitambaa. Sa-nguan ndiye aliyeona, siku moja wakioga mtoni, kwamba tatizo halikuwa sketi. Uti wa mgongo wa mdogo wake ulikuwa umeacha njia iliyonyooka na kwenda kulia kisha kurudi kushoto, kama mto wenyewe unapoukaribia mji. Bega moja lilikuwa limepanda. Alikimbia nyumbani na nywele mbichi kwenda kusema.

Daktari wa Bangkok, mzee mwenye miwani minene, alipima picha ya mgongo na kusema umepinda nyuzi thelathini na nne. Alieleza kwa upole kwamba mtoto bado anakua, na mgongo hukua pamoja naye. Ukiachwa utaendelea kupinda mpaka ubane mapafu. Dawa yake ilikuwa vazi. Mshipi wa ngozi wa kubana nyonga, chuma kimoja mbele na viwili nyuma, vyote vikipanda hadi kwenye pete ya kuzunguka shingo, na chini ya kidevu kipande cha kukizuia kisishuke. Angelivaa usiku na mchana, isipokuwa saa moja ya kuoga, kwa muda wa miaka minne.

Ili vazi lipatikane, ilibidi kwanza mwili wake upakwe jasi na kutolewa umbo. Kazi hiyo ilifanywa katika karakana ya hospitali na Fundi Heng, Mchina wa Bangkok, mwembamba, aliyependa kufanya kazi kimya. Hakujua siku ile amepata mgeni wa aina gani. Bwana Thuam alisimama kando, mikono nyuma, akitazama kwa dakika kumi, kisha akashindwa kujizuia.

"Ndugu yangu, jasi yako ina haraka."

"Hii ni jasi ya hospitali, mzee. Si ya hekaluni."

"Ingekuwa ya hekaluni ningekuwa nimeshakufukuza. Ona viputo hivi. Umeweka sukari?"

Fundi Heng aligeuka taratibu. "Sukari?"

"Sukari ya mvumo. Sisi huweka kwenye chokaa. Inashika."

"Nyinyi watu wa Phetchaburi," alisema Fundi Heng, "hata mgongo wa mtoto mnataka kuufanya kitindamlo." Lakini alimpa mwiko. Umbo la mgongo wa Prayong, ambalo juu yake vazi lake la kwanza lilitengenezwa, lililainishwa na kiganja cha baba yake mwenyewe, mchana kutwa, huku mtoto ameketi kwenye stuli akila embe na kutazama jinsi mgongo wake ulivyoonekana kwa nyuma. Alisema baadaye kwamba hakuuona kuwa mbaya. Aliuona kuwa kazi ambayo haijaisha.

Alirudi nyumbani mwezi Mei akiwa na vazi. Shuleni walimwita Nguzo ya Umeme. Aliwajibu kwamba bila nguzo ya umeme wasingekuwa na taa za kusomea, na huenda hiyo ndiyo sababu walikuwa wa mwisho darasani. Jina hilo lilikufa ndani ya wiki mbili. Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Shingo iliyowekwa kwenye pete haiinami, na kidevu kilichokaa juu ya chuma hakishuki. Alhamisi tarehe 11 Juni ilikuwa siku ya kuwaheshimu walimu. Watoto walikuwa waende kwa magoti hadi mbele, kila mmoja na maua yake, wainamishe paji la uso mpaka mikononi mwa mwalimu. Bibi alimfungia kishada kidogo cha ua la bilinganya, lile ambalo huinama lenyewe juu ya shina lake, kisha akamtazama mjukuu wake amesimama wima mlangoni, kidevu juu, na akasema kwa sauti ndogo, "Atakwenda hivi mbele ya mwalimu? Kama mlingoti wa bendera? Sa-nguan, mfungulie kidogo. Asubuhi hii tu."

Sa-nguan alikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye peke yake aliyejua vizuri skrubu ya nyuma ya shingo. Alifungua. Prayong aliinama mbele ya mwalimu vizuri kuliko watoto wote, na watu wakasifu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baada ya siku ya walimu ilikuja asubuhi ya kuwapa watawa chakula. Kisha shangazi kutoka Ratchaburi, aliyekaa siku tatu. Kisha harusi ya jirani, ibada ya siku mia baada ya kifo cha mzee mmoja wa karibu na daraja, marafiki wa Bibi waliokuja kumenya ukwaju na kupiga soga. Kila mara ilikuwa kidogo tu, asubuhi hii tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilikuwa nyumba ya watu waliompenda mtoto na waliotaka apendwe na wengine, na kwao mtoto apendwaye ni yule anayejishusha.

Mwezi Novemba walirudi Bangkok, safari hii pamoja na Bibi na Sa-nguan. Daktari aliishika picha mpya mbele ya dirisha. Nyuzi arobaini na moja.

"Nani analivua?" aliuliza.

Wote walitazama sakafu, isipokuwa Prayong, ambaye hakuweza.

"Ni mimi," alisema Bibi Chaem mwishowe. "Wageni wakija. Ili asipite juu ya vichwa."

Daktari alivua miwani akaisafisha. "Mama," alisema, "katika watoto wote niliowahi kuwatibu, huyu ndiye mwenye adabu kuliko wote. Na adabu hiyo ndiyo inayompinda."

Wakirudi, treni ilisimama Ratchaburi. Treni ilipoanza kuondoka tena kituoni, alimgusa mkwewe begani.

"Thuam. Niwekee kitanda cha kukalia. Juu."

"Juu wapi, Mama?"

"Juu ya kichwa chake."

Wengi mliohudhuria leo mnalijua jukwaa hilo, na wachache mliowahi kuteleza kwenye ngazi yake mnalijua vizuri zaidi. Bwana Thuam alilijenga kwa mbao za mti wa mvumo mwezi Desemba mwaka 1964, sebuleni, kimo cha kifua cha mtu mzima, na ngazi ya vidato vinne kando. Tangu siku hiyo hakuna mzee aliyeketi chini katika nyumba ile. Bibi mwenyewe, aliyekuwa na magoti mabovu, alipanda asubuhi na kushuka jioni, akapelekewa chai yake juu. Mtoto alipita chini yao, wima, kidevu juu, na kichwa chake kilikuwa chini ya vichwa vyote. Adabu ilibaki palepale. Waliohama ni wazee.

Wageni hawakupokea jambo hilo kimya. "Mama Chaem," alisema rafiki yake mmoja akiwa kwenye kidato cha pili cha ngazi, ameshikilia nguo yake, "mimi nimekuja na magoti. Mbawa nimeziacha nyumbani."

"Basi kaa uani na kuku," alijibu Bibi kutoka juu. "Hao nao wana mbawa lakini hawazitumii."

Nje ya nyumba hakukuwa na jukwaa. Sokoni na hekaluni na njiani wazee walikuwa wamekaa popote walipopenda kukaa. Huko Sa-nguan alibuni lake. Alitembea hatua moja mbele ya mdogo wake, na mbele ya kila mzee aliinama mara mbili.

"We mtoto, umedondosha kitu?" aliuliza mzee mmoja muuza samaki.

"Hapana, Babu. Ya kwanza yangu, ya pili ya mdogo wangu. Yeye amevaa chuma."

Mji ulizoea. Ilifika mahali ambapo Sa-nguan akipita peke yake na kuinama mara moja, watu walimuuliza kama Prayong anaumwa. Aliinama mara mbili mbili kwa karibu miaka minne, msichana ambaye naye alikuwa anakua, aliyekuwa na wavulana wa kumtazama, na hakuna siku aliyoona haya. Lakini skrubu ile ya shingo hakuigusa tena. Saa ya kuoga ilipofika alimwachia Bibi aifungue, yeye akishika taulo tu. Prayong aliliona hilo, na hakujua la kufanya.

Vazi lilivuliwa moja kwa moja tarehe 2 Oktoba 1968, Prayong akiwa na miaka kumi na mitano. Mgongo ulikuwa umesimama kwenye nyuzi thelathini na sita. Haukunyooka, daktari hakuwahi kuahidi kwamba utanyooka. Ulikuwa umekubali kukaa hapo. Siku ile alipofika nyumbani alimwendea Bibi, ambaye alikuwa bado juu, akamwomba ashuke aketi mkekani. Kisha akapita mbele yake. Alipita akiwa ameinama, akageuka, akapita tena, mara saba au nane, akicheka, mpaka Bibi akamwambia inatosha, unanitia kizunguzungu.

Alimaliza sekondari mwaka 1971 na kujiunga na mafunzo ya ufundi wa vifaa vya mifupa Bangkok. Mwaka 1974 aliajiriwa katika karakana ileile, chini ya Fundi Heng yuleyule, akiwa mwanamke wa kwanza kushika mwiko pale. Fundi Heng alimuuliza kama ameleta sukari. Alifanya naye kazi miaka saba mpaka mzee alipostaafu, na mwaka 1986 alirudi Phetchaburi kuanzisha karakana ndogo ya hospitali ya mkoa, aliyoiongoza hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2013. Nyakati zilibadilika mikononi mwake. Chuma na ngozi viliondoka, plastiki ikaja, pete ya shingo ikaachwa kwa watoto wengi, na vazi likaweza kufichwa chini ya shati. Jambo moja hakulibadilisha. Kabla ya kumpima mtoto alimtazama mzazi na kuuliza, "Nyumbani kwenu wakubwa hukaa wapi?"

Msaidizi wake, Bwana Kamon, alidhani kwa mwaka mzima kwamba ni maneno ya kuwachangamsha wagonjwa. Baadaye aliona kwamba majibu yote yameandikwa kwenye kadi. Wanakaa sakafuni. Wanakaa kwenye viti, ila babu. Baba mvuvi, wanakula ndani ya mashua. Alitaka kujua ni nini katika nyumba ile, kitu kizuri kabisa cha nyumba ile, ambacho kitamfanya mtoto avuliwe vazi. Akishakijua, ndipo alipochukua utepe wa kupimia.

Mwaka 1991 alikuja mama mmoja wa Kiislamu kutoka Pattani na binti yake wa miaka kumi na miwili. Alipoulizwa swali lile, mama alitikisa kichwa.

"Kukaa si tatizo, Dada. Mwanangu ataswali vipi? Kurukuu, kusujudu."

"Sijui," alisema Bi. Prayong. "Nipe mpaka kesho."

Mchana uleule alipanda pikipiki ya Kamon wakaenda Tha Raeng, kwenye kijiji cha Waislamu karibu na mashamba ya chumvi, akamtafuta imamu. Imamu alikuwa anarekebisha wavu wa samaki. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mtoto mgonjwa ataswali ameketi, na akishindwa ataashiria kwa kichwa, na kichwa nacho kikishindwa yapo macho. "Mwenyezi Mungu hapimi nyuzi," alisema. "Hiyo ni kazi yako wewe." Kwenye kadi ya binti yule, ambayo bado ipo, pameandikwa kwa mkono wake: Macho yanatosha. Asivuliwe.

Alifunga ndoa na Bwana Wirot tarehe 18 Februari 1979. Bwana Wirot alikuwa na duka la vitindamlo vya mayai na tui la nazi karibu na kituo cha treni, na alimwona kwa miaka miwili akishuka kutoka Bangkok kila mwisho wa wiki, wima, bila kumtazama mtu. "Nilidhani ana majivuno," alikuwa akisimulia. "Nikauliza watu, wakaniambia hapana, ni mgongo. Nikamwoa. Kumbe ni vyote viwili." Siku ya arusi walipiga magoti, vichwa vimeunganishwa kwa uzi mweupe, ili wazee wawamwagie maji mikononi. Bwana arusi aliinuka maji yalipokwisha. Bibi arusi hakuinuka. Alibaki ameinama, kichwa chini kabisa, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba amezimia. Bibi Chaem, akiwa na miaka themanini na mmoja, aliwanyamazisha. "Mwacheni. Anajisikia raha." Walijaliwa watoto wawili, Araya na Thani. Bwana Wirot alitangulia mwaka 2016.

Nyuzi thelathini na sita zilikaa kimya miaka mingi, kisha zikaanza kudai nafasi. Kuanzia mwaka 2021 pumzi ya Bi. Prayong ilipungua. Mwaka uliofuata pingili moja ya mgongo ilisagika, na daktari akamwandikia vazi. Bwana Kamon, sasa mkuu wa karakana, alikuja nyumbani kulipima mwenyewe, na kila kipimo akakirudia mara tatu. Alipolileta, Bi. Prayong alilivaa, akajisikiliza.

"Kifungo hiki umekiweka kwa hasira."

"Kwa hofu, Mwalimu."

"Hofu na hasira zinabana sawasawa. Kilegeze nusu kidole."

Kisha akamtazama, akatabasamu, na kumuuliza, "Hukuniuliza wakubwa hukaa wapi." Kamon alijibu kwamba katika nyumba hii, Mwalimu, wakubwa mmebaki wewe na dada yako.

Dada yake alihamia kwake ili amsaidie. Sa-nguan, mwenye miaka sabini na miwili, ndiye aliyemsaidia kuoga. Siku ya kwanza alisimama na taulo mkononi akitazama vifungo vya vazi bila kuvigusa, na Araya akaja akavifungua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Bi. Prayong alimwambia binti yake atoke.

"Dada, fungua."

"Mwite Araya."

"Araya nimemtoa. Fungua wewe."

Sa-nguan aliketi kwenye ukingo wa tangi la maji. Alisema kile ambacho alikuwa hajawahi kukisema kwa miaka hamsini na minane. "Zile nyuzi saba. Kutoka thelathini na nne hadi arobaini na moja. Ni mkono wangu. Kila unapokosa pumzi nazisikia."

Bi. Prayong alivuta pumzi, maana jibu lilikuwa refu. "Unakumbuka nani alikuwa anakuja kukuambia wageni wamefika? Bibi alikutuma mara ya kwanza, ya walimu. Baada ya hapo ni mimi. Nilikuwa nawaona darajani, nakimbilia kwako, nakugeuzia shingo. Nilipenda kusifiwa, Dada. Wakisema mtoto huyu ana adabu, ilikuwa tamu kuliko sukari ya Baba. Saba hizo nilizila mimi. Wewe ulikuwa unanifungulia tu mlango."

"Ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, si mia. Fungua, maji yanapoa."

Sa-nguan alifungua. Araya, aliyekuwa nyuma ya mlango kama ilivyotarajiwa, anashuhudia kwamba baada ya hapo walicheka kwa muda, na kwamba tangu siku ile hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa vifungo vile.

Bi. Prayong alifariki nyumbani kwake, nyumba ileile ya Bibi, Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini. Alikuwa ameketi juu ya jukwaa la Bibi, mahali alipoomba awekwe kwa sababu upepo wa mtoni hufika pale, na dada yake alikuwa akimmenyea chungwa. Aliuliza kama ni tamu. Sa-nguan alipoonja ili amjibu, alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake ndugu walikusanyika kummwagia maji mkononi kwa mara ya mwisho. Walipita kwa umri, na kila aliyekuwa mdogo kwake alimwinamia. Ilipofika zamu ya Sa-nguan, wazee walitarajia amwagie maji na kuondoka, maana dada mkubwa hamwinamii mdogo. Alimwaga maji. Kisha alipiga magoti, kwa shida, akiwa ameshika mguu wa kitanda, akawageukia watu waliojaa chumbani, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akageuka, akamwelekea mdogo wake aliyelala amenyooka chini ya shuka jeupe, akainama tena.

Mkuu wa hekalu, aliyekuwa ameketi karibu, alimuuliza kwa upole anafanya nini.

"Ya kwanza ni yake, anawaaga," alisema Sa-nguan. "Hawezi mwenyewe, mnamwona alivyolala. Ya pili ni yangu."

Marehemu ameacha dada yake, Bi. Sa-nguan; watoto wawili, Araya na Thani; wajukuu watatu, mmoja wao akiwa amevaa vazi la plastiki la rangi ya samawati, lililotengenezwa na Bwana Kamon, ambalo halijavuliwa hata leo; Bwana Kamon mwenyewe; watoto mia nane na kumi na wawili ambao kadi zao zimepangwa kwenye meza ya mlangoni, na wengi wao wako hapa na nywele za mvi; na mpwa wake, mwana wa Sa-nguan, anayewasomea haya. Kwa miaka thelathini mpwa huyo alikuwa akiondoka, kwenda nchi moja na kurudi kutoka nyingine, na kila mara mama yake mdogo huyu alikuwa akisimama jukwaani kwenye kituo cha treni, wima, bila kupunga mkono, mpaka behewa la mwisho lipotee. Leo anayeondoka ni yeye. Sisi ndio tunaobaki kituoni.

Muda mfupi ujao tutapanda ngazi moja baada ya mwingine kumwekea maua yetu ya karatasi. Jeneza limewekwa juu kuliko vichwa vyetu sote, kama alivyotaka Bibi Chaem kwa wakubwa wa nyumba ile. Wajukuu wamefunga kando yake kishada cha ua la bilinganya. Anayeweza kuinama ainame. Mwenye magoti mabovu aashirie kwa kichwa, na mwenye shingo iliyofungwa amtazame tu, macho yanatosha.

Bi. Prayong, Nguzo ya Umeme, Mwalimu, mdogo wa Sa-nguan: pumzika kwa amani, wima au umeinama, vyovyote upendavyo.